Kisima cha Tisa

Mgeni hupewa kinywaji. Hilo halina mjadala Kamembe, halina mjadala Bukavu ng'ambo ya mto, wala popote penye watu wenye haya. Sasa mtu afanye nini na mgeni anayejulikana kwamba hanywi kwa watu? Kamikazi alitazama huku na huku ndani ya sale yake, chumba anachokodishia watu michezo ya televisheni. Aliona televisheni nne, mabenchi, kreti ya fanta ambayo hakuthubutu kuigusa, na mezani maneti mbili, vile vidude vya vitufe vya kuchezea. Akachukua maneti moja, akaipangusa kwa ncha ya kitenge, akampa mgeni kwa mikono miwili.

Mgeni mwenyewe alikuwa Maman Bernadette, mama yake Elikia, fundi wa friji. Na Elikia ndiye mwanamume aliyetaka kumwoa Kamikazi, au aliyekuwa akitaka kwa amani mpaka majuma matatu yaliyopita, siku ambayo fanta iliharibu mambo.

Siku hiyo Maman Bernadette alivuka daraja la Rusizi na mwanawe na wazee wawili wa ukoo, wakapanda mpaka Giheke, nyumbani kwa Mzee Karangwa, baba yake Kamikazi. Walikwenda kujitambulisha kabla ya kuposa. Maneno yalikwenda vizuri, watu wakacheka panapostahili kucheka. Kisha Kamikazi akatoka jikoni na sinia ya fanta. Chupa zote zilikuwa zimeshafunguliwa, kwa sababu nyumba ile ina kifunguo cha chupa kimoja tu, na mama yake Kamikazi, Védastine, amekifunga kwa kamba kwenye mguu wa meza ya jikoni baada ya kupotelewa na vingine vitatu. Hakuna siri zaidi ya hiyo. Desturi inasema chupa ifunguliwe mbele ya macho ya mgeni, ama anayetoa aonje kwanza. Karangwa angeonja, lakini ana ugonjwa wa sukari. Basi chupa ya Maman Bernadette ilikaa mbele yake saa mbili, gesi ikaisha, nzi akaingia, ikarudi jikoni imejaa.

Mtu aliyekulia Kigali angesema mama wa watu hana kiu. Lakini Karangwa alizaliwa Bukavu, akakulia mtaa wa Kadutu, akarudi Rwanda akiwa na ndevu. "Miye najua ile chupa ilisema nini," aliwaambia watu wake wageni walipoondoka. "Ametuita batu ba sumu mu nyumba yetu, na hata kinywa hakufungua."

Tangu hapo hapakuwa na posa wala tarehe. Kamikazi alikuwa na miaka ishirini na tisa, umri ambao shangazi huanza kuuhesabu kwa sauti. Lakini si shangazi waliomnyima usingizi. Alimpenda Elikia, ndiyo yote, na aliona wazi kwamba chupa moja ya fanta ingewatenganisha.

Na sasa mama mwenyewe alikuwa ameketi kwenye benchi lake, furushi la vitenge vya kuuza miguuni, akisema amesimama kungoja mvua ipite. Mvua yenyewe ilikuwa ya kulowesha vumbi tu. Ilikuwa Jumanne asubuhi, vijana wako shuleni na kazini, na katika mashine uliachwa mchezo wa mteja wa jana. Si mpira. Ni ule mchezo wa nchi kubwa ambayo unatembea utakako, una milima na mapori na vijiji, na mpiganaji wako ni mwanamke mwenye panga.

"Huyu mwanamuke anaitwa nani?" aliuliza Maman Bernadette.

"Bado hana jina, Maman. Weye njo utamupa jina."

Mama alifikiri kama mtu anayechagua jina la ubatizo. "Mapendo," alisema. Kamikazi akaliandika.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Maman Bernadette alirudi Ijumaa, akarudi Jumanne iliyofuata, na siku ya tatu jembe lake lilikuwa panga la Mapendo. Alivuka mpaka kila Jumanne na Ijumaa kuuza vitenge na kununua vitunguu, na kati ya vitenge na vitunguu alipata saa moja ya sale. Habari ya Giheke hakuitaja. Kamikazi naye hakuitaja. Walizungumza habari za kupigana.

Kamikazi alimweleza mambo yalivyo. Ukishinda maadui unapanda ngazi, kila ngazi inakupa pwenti tatu, na pwenti unazitia katika mti wa ujuzi. Mti ule una matawi: tawi la panga, la upinde, la ngao, la miguu. Chini kabisa, karibu na shina, kuna kitawi kifupi kinachoitwa cha mwenzio, na hicho hakiguswi na mtu kwa sababu hakimwongezei nguvu mwenye kununua. Vijana wa Kamembe hutia kila kitu kwenye panga, wakafa mapema, kelele nyingi.

Maman Bernadette alitia kila kitu kwenye miguu. Ngazi ya kwanza, miguu. Ya pili, miguu. Mapendo akajifunza kubingiria chini ya shoka, kupenya kati ya wawili, kugeuka kabla mshale haujaachia uzi. Maadui walipiga hewa mpaka wakachoka, ndipo Mapendo akawachoma mara moja, akarudi nyuma.

"Tia hata pwenti mbili ku panga, Maman," Kamikazi alimsihi.

"Ya nini? Muntu mwenye habamushike, habamuue."

Kwa mhunzi wa mle mchezoni mambo yalikuwa magumu zaidi. Mhunzi alitaka vipande kumi vya chuma ili alitie makali panga. Maman Bernadette alisema sita. Kamikazi akamweleza kwamba mhunzi hasikii. "Bote banasemaka hivyo," alijibu, akamgeuza Mapendo na kumwondosha taratibu kuelekea mlangoni, hatua fupi fupi, akingoja aitwe. Mhunzi hakuita. Maman Bernadette alimnunia siku mbili, na panga likabaki butu.

Hivyo ndivyo walivyofika kwa Mlinzi wa Daraja. Hilo jitu lina nyundo, na bila kulishinda huwezi kuvuka kwenda nusu ya pili ya nchi. Mpiganaji wa kawaida huhimili nyundo tatu. Mapendo alikufa kwa moja. Alikwepa pigo la kwanza, la pili, la kumi, la ishirini, vizuri sana hivi kwamba hata kijana mmoja mvivu aliyetoroka kazini akaacha mpira wake akatazama. Pigo la ishirini na moja likamgusa bega, akafa. Kamikazi alihesabu vifo thelathini na moja. Ndipo alipoutazama ule mstari mwekundu juu ya kioo, ambao ndio uhai. Wapiganaji wengine wakifika hapo mstari wao umenyooka nusu ya kioo. Wa Mapendo ulikuwa mfupi kama njiti ya kiberiti, sawasawa na siku ya kwanza. Alidhani mashine imeharibika.

Haikuwa mashine. Ijumaa ile Mapendo alipita kwenye kijiji chenye kisima. Kando ya kisima alikaa bibi kizee, akanyoosha kibuyu, na maneno yakatokea chini: kunywa, au kukataa. Maman Bernadette alibonyeza kukataa bila kusita, kama mtu anayefunga mlango wake jioni, akaendelea na safari.

"Maman!" Kamikazi aliruka. "Ile kibuyu njo inaongezaka uhai! Visima viko tisa upande huu wa daraja. Umekatala vyote vyenye ulikuta?"

"Yeye alikunywa mbele?"

"Nani?"

"Ule mama ya kisima. Miye sikumuona akikunywa."

Kamikazi alicheka. Alicheka kwa nguvu, mkono kinywani, mpaka kicheko kikamkatikia chenyewe. Kwa maana mtu anayekataa kibuyu cha picha, kutoka kwa bibi wa picha, katika nchi ambayo haipo, mtu huyo hakuikataa fanta ya Giheke kwa sababu ya Giheke. Hakumkataa yeye. Furaha ilimpanda ghafla, na nyuma yake aibu, kwa sababu mama hakuwa anacheka.

"Ule mwenye nyoka alimuluma," alisema Maman Bernadette, "hata kamba anakimbiaka." Macho yake yalikuwa kwenye kioo, na Mapendo alikuwa anatembea njia ya mlimani, hana haraka. Mama akasimulia hivyo hivyo, akitembeza.

Mumewe aliitwa Muhigirwa. Miaka ishirini na sita iliyopita walikwenda kwenye matanga ya jirani. Mtu akaleta kopo la pombe. Siku ya tisa Muhigirwa akafa.

"Muganga alisema ni ini. Bandugu yake balisema ni sumu. Kisha balisema sumu ni miye."

"Weye? Juu ya nini?"

"Juu kopo ilipita mu mukono yangu. Balinipa miye, nikamupa yeye. Mwenye kutoa njo anaonjaka. Unajua. Miye sikuonja. Elikia alikuwa na miaka mbili, alikuwa analia, nilikuwa na haraka." Mapendo alifika kwenye ukingo wa mwamba, akasimama. "Sijue kama ilikuwa sumu. Pengine ni ini kweli. Kama ningeonja, ningejua. Ao tungekufa bote, ao hakuna mwenye angekufa. Miaka yote hii, ile njo inanikula: sijue."

Kamikazi alisogea karibu naye kidogo kwenye benchi.

"Elikia hajue," mama aliongeza. "Balimuficha, na miye nikanyamaza. Usimuambie. Na baba yako usimuambie."

"Siambie muntu, Maman."

Ahadi ni rahisi kutoa. Jioni ile ile Kamikazi alipanda Giheke, akamkuta baba yake uani anapukuchua mahindi, na maneno yote yaliyoweza kumaliza ugomvi yalikuwa kinywani mwake, akayameza. Karangwa alikuwa na habari yake mwenyewe. Elikia alikuwa amekuja tena kuomba, mara ya nne, akapiga magoti kabisa. "Nitabapokea mara moja tu," alisema Karangwa. "Siku ya yenga, Jumapili, majuma tatu kutoka leo, batu bakitoka misa. Chupa zitatoka vile zilitoka siku ile. Hakuna kuonja, hakuna kufungulia muntu mbele ya macho kama tuko ku duane ya mupaka. Akikunywa, tunaongea. Asipokunywa, weye utatafuta muntu mwingine, na jina ya Elikia haitatajwa tena hapa."

Kamikazi hakulia mbele yake. Alilia akishuka.

Lakini alikuwa mtu wa sale, na mtu wa sale anajua kwamba kila mashine ina maneti mbili. Jumanne alipokuja Maman Bernadette, Kamikazi aliketi naye kwenye benchi, akawasha maneti ya pili, na kando ya Mapendo akatokea mpiganaji mwingine, mwembamba, ambaye Kamikazi alimwita Kami kwa kukosa subira ya kutafuta jina. Wakarudi mpaka kisima cha kwanza. Bibi akanyoosha kibuyu.

"Tazama, Maman. Miye nakunywa mbele."

Kami alikunywa. Wakangoja. Maman Bernadette alimtazama Kami kama anavyotazamwa mtoto mwenye homa: usoni, miguuni, usoni tena. Mstari wa Kami ukarefuka. Bibi akanyoosha kibuyu kwa Mapendo, na baada ya muda mrefu, kidole gumba cha mama kikabonyeza kunywa. Mstari mwekundu ukasogea mbele nafasi ya kidole kimoja. Mama alishusha pumzi.

"Ni maji tu," alisema kwa mshangao.

Basi wakawa wanafanya hivyo. Kisima cha pili, cha tatu. Ijumaa cha nne na cha tano. Kami anakunywa, wanangoja, Mapendo anakunywa. Kungoja kulipungua, kwenye kisima cha saba mama alibonyeza kabla Kami hajakirudisha kibuyu. Njiani walipigana bega kwa bega, na Mapendo, ambaye sasa alikuwa na uhai wa kutosha kuhimili pigo moja na nusu, alianza hata kuwa mchokozi. Walizungumza pia. Maman Bernadette alieleza jinsi ya kukitambua kitenge cha uongo kwa kukinusa. Siku moja, katikati ya vita, alimwita Kamikazi "mukwe wangu," kisha akajifanya hakusema kitu. Kamikazi naye alijifanya hakusikia, na siku nzima alitembea na neno hilo kama peremende chini ya ulimi.

Akilini mwake mpango ulikuwa umekamilika. Jumapili ataleta sinia mwenyewe. Mbele ya wote atainua chupa ya mama, ataonja, atampa. Baba atakasirika, na akasirike. Lakini mama atakunywa, na neno la baba lilikuwa hilo: akinywa, tunaongea. Aliona wazi kwamba visima vinamfundisha Maman Bernadette, na hakufikiri kwamba visima vinaweza kumfundisha jambo jingine.

Kisima cha tisa kiko nyuma ya mlima, mbali na vijiji. Walikifikia Jumanne, siku tano kabla ya Jumapili. Bibi wa hapo alikuwa amejifunika uso, na kibuyu chake kilikuwa cheusi wakati vingine vyote vilikuwa vya kahawia. Kamikazi aliona weusi ule. Hakujali, hakuwahi kuumaliza mchezo huu, yeye aliukodisha tu. Akabonyeza.

Kami alikunywa. Moja, mbili, tatu, nne. Ya tano alishika koo, akapiga magoti, akaanguka kifudifudi kwenye majani. Bibi alicheka na kutoweka. Kando ya kioo ikaanza kuhesabika kumi, tisa, nane: muda wa kumwinua mwenzio kabla hajafa.

"Kamikazi! Namna gani ya kumuinua?" Maman Bernadette alikuwa amesimama. Vidole vyake vilibonyeza kila kitufe. Mapendo akabingiria, akaruka, akakwepa kulia, akakwepa kushoto, kwa ustadi wote wa miguu yake ya pwenti nyingi, kumzunguka mtu aliyelala. "Namna gani? Niambie!"

"Huwezi, Maman. Iko ku kale katawi ka chini. Ya mwenzio. Hatukununua."

Tatu, mbili, moja. Kami akafifia.

"Ni mchezo, Maman. Anarudi sasa hivi, tazama. Vijana bote banaangukaka mu mchezo, banacheka."

Na kweli Kami alirudi, mzima, akasimama kando ya Mapendo akingoja. Maman Bernadette hakuwa anatazama kioo. Alikuwa anamtazama Kamikazi mwenyewe, usoni, miguuni, usoni tena. Aliweka maneti mezani polepole, akabeba furushi lake, akatoka. Vitunguu hakununua siku hiyo. Kamikazi alimwona kutoka mlangoni akishuka moja kwa moja kuelekea mpakani.

Kamikazi alijilaani. Majuma yote ya kumwonyesha mama kwamba maji ni maji, na mwisho akamwonyesha sumu. Hata mtu ambaye angelipwa kuvunja ndoa ile asingelifanya vizuri zaidi.

Ijumaa ilimbidi aende Mibirizi kumtazama shangazi aliyelazwa, akamwachia sale Tuyishime, jirani anayeuza vocha. Aliporudi saa tisa Tuyishime alimwambia, "Ule mama ya vitenge alikuja. Alicheza peke yake."

"Alipigana na nani?"

"Hakupigana. Alienda ku ule muntu wa vyuma, akakaa pale kidogo, akarudi ku kisima, kisha akaenda. Hakucheka na muntu."

Kamikazi aliwasha mashine. Mapendo alikuwa amesimama kwenye kisima cha tisa, peke yake. Mfukoni mwake hapakuwa na kipande hata kimoja cha chuma. Mhunzi, ukimpa kila ulichonacho, anakusahaulisha ulichojifunza na kukurudishia pwenti zako; ni bei ya wazimu, na mama aliyekataa kutoa vipande kumi alikuwa ametoa vyote, mia mbili na kitu, bila kupatana. Kamikazi akaufungua mti. Tawi la miguu lilikuwa jeusi kutoka shina hadi ncha. Panga, upinde, ngao, vyote vyeusi. Kilichowaka ni kile kitawi kifupi cha chini, chote, mpaka jani la mwisho.

Mpiganaji yule sasa asingeweza kukwepa hata jiwe la mtoto. Kamikazi hakuelewa maana yake, na hakukuwa na mtu wa kumwuliza, kwa sababu kati ya Ijumaa na Jumapili Maman Bernadette alikuwa ng'ambo.

Jumapili walifika Giheke saa nane, wale wale wanne, viatu vimefutwa vumbi kwa majani. Mzee Karangwa aliwakalisha sebuleni. Alikuwa mpole kupita kiasi, na waliomjua walijua hiyo si dalili njema. Elikia alitazama viatu vyake. Habari za safari zikaulizwa, za mvua, za bei ya vitunguu, zikaisha zote mapema. "Kamikazi," Karangwa aliita. "Bageni bako na kiu."

Jikoni, Védastine alikuwa anafungua chupa ya mwisho kwa kifunguo chake cha kamba. Alimtazama bintiye, akamnyoosha kola.

Kamikazi aliingia na sinia. Aliwahudumia wazee wa ukoo, akamhudumia Elikia. Chupa ya mwisho ilikuwa wazi kama zile nyingine. Mbele ya Maman Bernadette Kamikazi alipiga goti, akaiweka sinia chini, akaishika chupa kwa mkono wa kulia. Hakumtazama baba yake. Alisikia kiti chake kikilia. Akaipandisha chupa kuelekea mdomoni.

Haikufika. Maman Bernadette alikuwa ameushika mkono wake, si kwa nguvu, lakini kwa namna isiyobishiwa. Vidole vyake vilikuwa vya baridi. Aliichukua chupa kutoka kwenye vidole vya Kamikazi kimoja baada ya kimoja.

"Hapana, mwana," alisema. "Mara hii ni miye."

Akanywa. Hakuonja kwa ulimi kama wanavyofanya watu wa adabu. Alikunywa mafunda matatu makubwa, koo linapanda na kushuka mbele ya ukoo mzima. Kisha akaishusha chupa, akaiweka juu ya magoti yake, na kungoja. Alingoja kweli. Macho yake yalitazama ukuta, midomo ikienda kidogo kidogo, na Kamikazi, aliyekuwa bado amepiga goti, alijua anahesabu. Akahesabu naye. Moja, mbili, tatu, nne.

Tano.

Nje jogoo alipiga kelele. Mzee Karangwa alikuwa amefungua kinywa kusema jambo kuhusu duane, na hakulisema. Mtu wa Kadutu alijua anachokiona, hata kama hakujua kwa nini. Elikia aliinua kichwa, akamtazama mama yake kama anamwona mara ya kwanza. Machozi yalimshuka mama bila sauti, naye hakuyafuta. Alichofuta, kwa ncha ya kitenge chake kizuri, ni mdomo wa chupa, akauzungusha mara mbili. Akampa Kamikazi kwa mikono miwili.

"Nimeonja," alisema. "Kunywa sasa."

Fanta ilikuwa ya vuguvugu na gesi imepungua. Kamikazi aliinywa yote.